Mto Unateremka, Barabara Haiteremki: Korogwe hadi Pangani kwa Baiskeli

Mara ya kwanza niliishia Hale. Ilikuwa Januari, saa sita mchana, jua liko utosini, maji yalikwisha tangu Segera na miguu ilikuwa imekataa. Nilipakiza baiskeli kwenye basi dogo, nikakaa dirishani hadi Tanga nikitazama vilima nilivyopaswa kuvipanda vikipita kimoja baada ya kingine. Roho iliniuma sana. Nilikuwa nimejiandaa mwezi mzima, na ramani ilinionyesha jambo jepesi: Korogwe iko karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari, Pangani iko baharini penyewe. Nikajiambia, hii ni kuteremka tu.

Mwezi wa saba nilirudi, nikaimaliza kwa siku tatu. Kilichobadilika si nguvu zangu. Nilichobadilisha ni jinsi ninavyoisoma njia, na vitu vichache kwenye baiskeli.

Kinachoteremka ni Mto Pangani. Maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yanashuka polepole upande wa chini wa milima ya Upare na Usambara mpaka baharini. Barabara haina habari na bonde hilo. Pale Korogwe inauvuka mto na kuuacha, inazungukia Segera, inarudi kuuvuka tena Hale, halafu inaelekea Muheza. Humo katikati inakata vijito vinavyokwenda kumwaga maji mtoni, kimoja baada ya kingine. Kila kijito kina kibonde chake, chini kuna kalvati, na mbele ya kalvati kuna kilima. Nilivihesabu vilima hivyo mpaka kumi na tisa, nikaacha.

Hakuna hata kimoja cha kutisha. Aliyewahi kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 za kona juu ya kona, akiviona ataviita vichuguu. Ila mlima mrefu una wema wake: unakuacha upate mwendo, pumzi ikae sawa, moyo utulie kidogo kidogo. Vilima vya Segera na Hale havikupi nafasi hiyo. Unashuka, unapumzika nusu dakika, miguu inapoa, unaanza upya kama ndiyo kwanza umetoka nyumbani. Januari nilikuwa navivamia kwa gia nzito nikitumia kasi ya mteremko, na kila mara kasi iliniishia katikati, nikasimama juu ya peda kumalizia. Ukifanya hivyo mara tano unajiona shujaa. Mara ya kumi na tano mapaja yanakuwa mawe.

Baiskeli yangu ni ya mashindano, ya mtumba, fremu ya chuma, na nilipoinunua gia yake kubwa ya nyuma ilikuwa ya meno 25. Fundi alinifungia seti yenye meno 32, akabadilisha na kile kikono cha nyuma kinachosogeza mnyororo, maana cha zamani kisingefika. Hapo ndipo pesa yangu ilipokwenda, na sijuti hata shilingi moja. Tairi nazo nilitoa za milimita 23 nikaweka za 28, nene kuliko zote zilizoweza kupita kwenye fremu, na upepo nikaupunguza kidogo. Mwenye tairi nyembamba zilizojazwa mpaka mwisho ataelewa nasema nini akipita juu ya ile mistari ya matuta madogo wanayoweka kabla ya kila kijiji. Mikono inakufa ganzi mpaka kwenye kiwiko.

Niliondoka Korogwe siku ya Jumapili, saa kumi na moja na nusu alfajiri, taa mbele na nyuma. Jumapili malori yanapungua. Kwenye daraja nilisimama kidogo. Mto ulikuwa na ukungu, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mama mmoja alikuwa anapita na ndoo ya maandazi kichwani. Nilinunua manne ya moto, nikala mawili pale pale.

Kipande cha kutoka Korogwe hadi Segera, kama kilomita 20, ndicho ninachokiogopa kuliko vyote, na bado nakiogopa. Ni barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Mabasi hayana subira. Nilijiwekea masharti mawili: nisiwepo pale jua likishapanda, na nikisikia lori nyuma huku naona jingine linakuja mbele, nishuke lami kabisa na kusimama. Sishindani. Nilishuka mara sita. Kila mara ilinigharimu dakika moja, na nilifika Segera saa moja kasoro nikiwa mzima.

Ukishakunja kuelekea Tanga, nchi inafunguka. Mkonge umepangwa mistari mpaka kwenye mgongo wa kilima, na baiskeli inapokwenda ile mistari inajifungua na kujifunga kama vyuma vya feni. Upande wa kaskazini Usambara imekaa na mawingu yake. Safari hii nilianza kubadilisha gia kabla kilima hakijaanza, nikiwa bado chini kwenye kalvati, nikazungusha miguu kwa wepesi huku nimekaa, na nilikataa kuharakisha hata nilipojiona nina nguvu. Kila nikifika juu, mafunda mawili ya maji. Si nikisikia kiu. Kila nikifika juu. Chupa moja ilikuwa na maji matupu, nyingine maji yenye chumvi kidogo, sukari na ndimu.

Karibu na Hale nikapata pancha ya nyuma. Nikaweka tyubu mpya, nikaenda kama kilomita mbili, tairi likalala tena. Nilikuwa na tyubu moja ya akiba, basi ikabidi nisukume mpaka mjini, nikapata fundi chini ya mwembe, mzee mwenye kofia ya kiua iliyopauka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umebadilisha tyubu, sivyo?"

Nikamwambia ndiyo.

"Umeacha mwiba, umebadilisha mguu."

Hakugusa tyubu kwanza. Alichukua kipande cha kitambaa cha nailoni, kile cha soksi za kike, akakipitisha ndani ya tairi polepole, akilizungusha kwa mkono wa kushoto. Mzunguko wa kwanza, hakuna. Wa pili kitambaa kikanasa. Akalipinda tairi pale pale, akaingiza ncha ya koleo, akavuta waya mwembamba kama unywele, hauzidi urefu wa punje ya mchele. Ni waya wa tairi la lori. Yale matairi yanayopasuka barabarani yamejaa nyaya za chuma, na vipande vikisagwa nyaya zinabaki pembeni mwa lami, hapo hapo anapopita mwendesha baiskeli. Mimi nilikuwa nimepapasa ndani ya tairi kwa vidole sikuusikia. Kisha mzee akazamisha tyubu kwenye karai, akaona mapovu, akasugua kwa msasa, akapaka gundi, akaipulizia na kuiacha ikauke kabla ya kubandika kiraka. Wengi hawaisubiri ikauke, na ndiyo maana viraka vyao havidumu. Kipande kile cha soksi aliniachia, na sasa hakitoki kwenye mfuko wangu wa vifaa.

Nikiwa nasubiri alinisimulia juu ya umeme. Kituo cha Hale kilianza 1964, kikiwa kimejengwa kufua megawati 21, na chini zaidi, kwenye maporomoko ya Pangani, kipo kingine cha megawati 68 kilichoanza miaka ya tisini. Ndipo nikaelewa ule mteremko wote nilioutegemea kwenye ramani ulikokwenda. Mto unaumalizia pale, kwa mkupuo, ndani ya mabomba. Mimi wa barabarani sikuachiwa kitu.

Kutoka Hale kupitia Ngomeni hadi Muheza vilima vinaendelea ila vivuli vinaongezeka, minazi na michungwa inaanza. Muheza katika mwezi wa saba ni machungwa kila mahali. Kijana anakumenyea ganda la juu kwa kisu, utepe mmoja usiokatika, anakata kofia, unakamua mdomoni. Nilikula saba nimekaa kwenye kreti. Nililala Muheza, nikiwa nimekwenda karibu kilomita 55 tu siku nzima, na ni saa tano asubuhi nilikuwa nimeshaoga. Kwenda kidogo na kuacha kabla jua halijakuacha ni sehemu ya mpango wenyewe.

Kwa wanawake wenzangu niseme hili: kitu chenye faida kuliko vyote mfukoni mwangu kilikuwa doti moja ya khanga. Ninaendesha na suruali ya kubana ya baiskeli. Nikifika mji au kijiji najifunga moja kiunoni, nyingine mabegani, naamkia, naulizia chumba au chakula, na watu wananipokea kama mgeni mwenye adabu zake. Usiku ni shuka, asubuhi ni taulo.

Siku ya pili, Muheza hadi Tanga kupitia Pongwe, haina mengi. Kilomita 35 hivi, vilima vinakufa kimoja kimoja mpaka nchi inakuwa tambarare, na Tanga yenyewe ni mji unaojua baiskeli. Mtu mzima aliyevaa kanzu akiendesha Phoenix kwenda msikitini hatazamwi na yeyote. Nilipumzika, nikafua, nikatia mnyororo mafuta.

Siku ya tatu ndiyo ilinipima. Tanga hadi Pangani ni kilomita 50, unaelekea kusini, na Julai ni msimu wa kusi. Upepo unakupiga usoni. Mabaharia wote wa pwani hii wanalijua hilo tangu enzi za majahazi, nami ningelijua mapema kama ningeuliza mvuvi badala ya kuangalia simu. Januari kaskazi angenisukuma mgongoni, lakini joto la Januari ndilo lililoniua mara ya kwanza. Lazima uchague, na mimi nachagua kusi na ubaridi wake. Dawa yake ni alfajiri, kwa sababu upepo huzidi jua likipanda. Niliondoka saa kumi na moja. Sehemu nyingine nilikuta lami mpya laini, sehemu nyingine changarawe na vumbi jekundu la ujenzi, na pale nilishukuru tairi za 28.

Tongoni niliingia dakika chache kuona makaburi ya kale yenye nguzo na magofu ya msikiti, mibuyu imesimama kama wazee wa mtaa. Kigombe nilikunywa chai na mihogo ya kukaanga, wavuvi wakiwa wanashusha. Baada ya hapo kusi aliamka. Niliinama usukani wa chini, nikashusha gia mbili, nikaendesha mahali tambarare kama napanda kilima, mwendo ule ule nilioujifunza kule Hale. Kilomita kumi za mwisho zilinichukua karibu saa nzima.

Pangani unaiona minazi kwanza, halafu mji wa mawe uliochoka, kuta nene, milango mikubwa. Hapa ndipo vita vya Abushiri vilipoanza 1888, na hapa Wajerumani walimnyonga mwaka uliofuata. Ng'ambo ya mto, Kikogwe, ndiko mkonge wa kwanza ulikopandwa mwaka 1893: miche 1,000 ilitumwa kutoka Florida, ikafika hai 62. Mistari yote niliyoipita siku tatu, kutoka Segera, ilitokana na hiyo.

Nilisukuma baiskeli hadi kwenye kivuko cha kwenda Bweni, nikapanda pamoja na pikipiki, mbuzi na magunia ya nazi. Maji yalikuwa rangi ile ile ya chai ya maziwa niliyoiona darajani Korogwe, yakiingia kwenye buluu ya bahari. Bibi mmoja aliyekaa juu ya gunia akaniuliza natoka wapi na baiskeli yenye matairi membamba hivyo. Nikamwambia Korogwe. Akautazama mto juu, akanitazama mimi, akasogea kwenye gunia lake ili nipate pa kukaa.