Kubadilisha RAM ya seva kuu mchana kweupe, wateja wakinunua LUKU

Saa 11:30 alfajiri. Hata mswaki sijapiga, nimeshafungua grafu ya db1, seva yetu kuu ya kanzidata. Usiku kucha imeendelea kuhesabu makosa ya RAM. ECC, ulinzi wa ndani ya RAM unaorekebisha makosa madogo, bado inayasahihisha, kwa hiyo hakuna data iliyoharibika, ila yote yanatoka kwenye nafasi moja, A4. Kijiti cha RAM cha hivyo hakijiponyi. Siku kikitoa kosa ambalo ECC haiwezi kulisahihisha, mashine inaanguka palepale, na db1 ndiyo kiongozi wa klasta yetu ya PostgreSQL, seva tatu zinazotunza kanzidata ileile. Leo kinatoka.

Saa 1 asubuhi. Mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama mwanzo mwisho. Kazi yetu ni malipo: mtu ananunua umeme wa LUKU kwa simu, analipia king'amuzi, analipa ada ya shule, na muamala wake unapita kwenye kanzidata tunayoitunza sisi. Watu wakisikia tunazima seva saa 4 asubuhi wanashika vichwa. Kwa nini msifanye saa 8 usiku?

Saa 8 usiku ni mazoea ya enzi za seva moja, ambapo ukizima umezima. Kwetu usiku ndiko bakapu zinakopita na hesabu za siku zinakofungwa, diski hazipumui. Fundi wa data senta yuko peke yake anasinzia, muuza vipuri hapokei simu. Mlima wetu wa wateja unaanza saa 12 jioni, watu wakirudi nyumbani na kukuta uniti zimekata. Saa 4 asubuhi mstari umelala, na kila ninayeweza kumhitaji yuko macho na ameshakunywa chai.

Saa 3. Naandika `patronictl list`, amri ya Patroni, programu inayosimamia nani aongoze klasta. Mistari mitatu: db1 Leader (kiongozi), db2 Sync Standby (msaidizi anayeandika pamoja na kiongozi), db3 Replica (nakala), na hakuna replika iliyobaki nyuma. Hiyo Sync Standby ndiyo inayonipa moyo. Maana yake, mteja haambiwi "malipo yamekamilika" mpaka db2 nayo iwe imeandika, kwa hiyo kukabidhi uongozi kwa db2 hakupotezi hata shilingi.

Yapo mawili ambayo wengi huyasahau. La kwanza ni etcd, daftari ambamo Patroni huandika nani ni kiongozi. Nayo iko kwenye mashine hizohizo tatu. Nikiondoa moja, zinabaki mbili, na mbili kati ya tatu bado ni wengi. Ikianguka ya pili, wengi hakuna, na Patroni itamshusha kiongozi hata kama mashine yake ni nzima kabisa. Basi nimeandika kwenye grupu la kazi kwa herufi kubwa: LEO HAKUNA KUGUSA DB2 WALA DB3, HATA KUSAFISHA LOGI.

La pili ni sloti za urudufishaji, alama zinazomwonyesha kiongozi kila replika imesoma hadi wapi. Kuanzia toleo la 4, replika ikitoweka, Patroni huitunzia sloti yake kwa dakika 30, kisha huifuta, na kiongozi anaruhusiwa kutupa faili za WAL (shajara ya kila badiliko la kanzidata) ambazo aliyeondoka hajazisoma. Kufungua seva, kubadilisha RAM na kuipima hakuishi ndani ya dakika 30. Naongeza muda huo, `member_slots_ttl`, uwe saa tatu, kisha naangalia diski ya db2 kama ina nafasi ya kubeba WAL za muda huo. Inayo, na ya ziada.

Saa 4 kasoro robo. Nakagua `pg_stat_activity`, orodha ya kazi zinazoendelea kwenye kanzidata, na kukuta swali moja linakimbia tangu saa 2. Linatoka uhasibu. Nashuka ghorofa moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nikikuona tu najua umekuja kunikatia ripoti."

"Sikukatii, mama, nakuhamisha. Hii inakimbia kwenye seva kuu. Ukiianza upya kupitia db3 hakuna atakayekusumbua hadi mchana."

"Na nikisema nimebakiza kidogo?"

"Kidogo kiasi gani?"

Akageuza skrini nione mwenyewe. Kilikuwa kiduara kinazunguka, basi. Tukacheka wote, akaifunga.

Sikumfuata kwa ukorofi. PgBouncer, programu inayokaa kati ya wateja na kanzidata, ukiiambia PAUSE, inasubiri kila muamala ulioanza umalizike, na wakati huohuo kila mpya unawekwa foleni. Ripoti moja ya saa mbili ingewashika mateka wanunuzi wote wa LUKU nchini wanaopitia kwetu.

Saa 4:20. Naandika CHECKPOINT kwa mkono ili kurasa chafu, yaani data iliyobadilika ikiwa bado kwenye RAM, ziende diski sasa, db1 isije ikaziandika zote wakati wa kuzimwa huku watu wanasubiri. Kisha PAUSE. Kisha `patronictl switchover`, amri ya kukabidhi uongozi, naichagua db2, naandika y.

Hapa ndipo watu hudhani pana uchawi. Db1 inazimwa kwa adabu, inatuma kipande chake cha mwisho cha WAL, inaachia ufunguo kwenye etcd. Db2 inauchukua na kujipandisha cheo. HAProxy, inayoelekeza wateja kwenye seva inayostahili, haijui siasa hizo. Yenyewe inabisha hodi kwa kila Patroni kwenye mlango 8008 na kuuliza nani ni kiongozi; anayejibu 200 anapelekewa wateja, anayejibu 503 anarukwa. Nikaandika RESUME, PgBouncer ikaachia foleni. Foleni ilidumu sekunde chache tu, na kwenye grafu ya miamala kukaonekana kibonde, kisha kichuguu cha waliokuwa wakisubiri. Hakuna muamala uliokataliwa. Dada wa huduma kwa wateja, niliyemwomba akae mkao wa kula, akaandika: "Mmeshaanza?"

Ndiyo maana sipendi kusema "bila kusimama hata kidogo." Tunasimama. Ila mteja anaona simu yake imewaza kidogo, jambo ambalo mtandao humfanyia kila siku.

Saa 5. Db1 sasa ni replika ya kawaida. Nasimamisha Patroni, halafu etcd, halafu mashine yenyewe. Kabla ya kuzima nimewasha taa ya buluu ya utambulisho, kwa sababu kwenye kabati lile seva zetu tatu ni mapacha na lebo za mbele zimefifia.

"Mkuu, naona buluu ya tatu kutoka chini," fundi ananiambia kwenye simu.

"Nisomee serial namba ya mashine."

Ananisomea, nalinganisha na yangu tarakimu kwa tarakimu. Ndipo anavuta.

Saa 6 mchana. Seva kubwa huwaka kwa maringo. Inahesabu RAM yake mpaka unakata tamaa. Kipimo cha RAM kimepita, kijiti kipya kinaonekana A4. Nawasha etcd kwanza, inajiunga na wenzake, kisha Patroni. Kwenye `patronictl list`, safu ya TL imepanda kwa moja, alama kwamba uongozi umebadilika, na db1 inamfuata kiongozi mpya bila kunung'unika. Inapungukiwa megabaiti mia kadhaa, kisha makumi, kisha sifuri. Nikaenda kula.

Saa 9 alasiri. Bosi anauliza lini narudisha uongozi db1. Sirudishi. Db1 haina cheo cha kuzaliwa. Mashine zote tatu zinalingana, na kila makabidhiano ni hatari ndogo isiyo na faida. Akakubali, shingo upande.

Saa 1 usiku. Mlima wa LUKU umepanda, db2 inaubeba. Kwenye daftari la zamu nimeandika: `member_slots_ttl` imerudishwa dakika 30, db1 imewekewa `nofailover` isije ikapewa uongozi kabla RAM mpya haijaaminika, kesho saa 3 angalia hesabu ya makosa A4, ikiwa sifuri ondoa alama hiyo.