Siku moja maishani mwangu: unga mweupe, lami nyeusi

Saa 12:40 asubuhi. Bodaboda imenishusha Wandegeya, Kampala. Rolex moja, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai mawili, naila huku natembea kwenda maabara, ninakotengeneza unga wa kunasa sehemu nzito ya mafuta ghafi.

Saa 1:30. Nafungua tanuru. Jana niliacha humo vikombe viwili vya kauri kwa nyuzijoto 550, na kwa bahati umeme haukukatika. Unga umetoka mweupe pe, vikombe vyote viwili. Ila ubavuni hamna kitu! Niliandika kwa kalamu ya maka, wino wote umeungua.

"Mwanangu, si nilikuambia?" anasema mzee wetu wa maabara, Mnubi wa Bombo.

Namjibu, "Uliniambia, Mzee," kisha nafungua daftari. Kikombe kimoja kina silika (kitu kilekile kinachojaa kwenye mchanga) niliyoitoa kwenye majivu ya maganda ya mpunga wa Doho, kule Butaleja. Kingine kina silika ya kemikali za kununua. Kwa rangi huwezi kuzitofautisha. Kilichoniokoa ni uzito wa vikombe vitupu: gramu 23.41 na gramu 24.06. Namimina unga, napima, nimepona.

Saa 3:00. Kwa nini tunauchoma? Unga huu umejaa vinyweleo. Silika huganda kuzunguka vijiti vya kemikali iitwayo P123, kama udongo wa ukuta unavyoshika fito. Moto ukila fito, yanabaki matundu. Aina hii, SBA-15, ilitoka Santa Barbara, Marekani, mwaka 1998, na matundu yake mara nyingi ni nanomita 6 hadi 8 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Ndugu yake wa 1992, MCM-41, ana matundu ya kama nanomita 3 tu. Mlango huo ni mwembamba kwangu, maana ninachotaka kunasa ni asfalteni, sehemu nzito kabisa ya mafuta ghafi, nazo hutembea kwa mafungu.

Saa 4:30. Sasa napandikiza fenili, kikundi cha kaboni kisichopenda maji, juu ya silika, ndani ya kiyeyushio kiitwacho tolueni, kinachochemka. Hapo ndipo silika inakuwa chotara: nusu mawe, nusu kaboni. Kazi hii hufuata moto, haitangulii, la sivyo fenili nayo ingeungua. Wakati inachemka, nachukua chotara ya wiki jana na kuidondoshea tone la maji. Tone linakaa duara, kama umande kwenye jani la yugwa. Silika tupu, isiyo na fenili, huwa inalinywa papo hapo.

Saa 7:00. Matoke na mchuzi wa karanga. Nakula haraka.

Saa 8:00. Mafuta yetu ya Hoima yana nta nyingi. Ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, lazima lipashwe moto. Sampuli yake siwezi kuokota barabarani. Lami naweza! Lami ina asfalteni asilimia 5 hadi 25. Gramu moja kwa mililita 40 za heptani, kiyeyushio kisichoyeyusha asfalteni, natikisa, nachuja: kwenye karatasi unabaki unga wa kahawia unaokaribia weusi, unaong'aa kidogo. Nauyeyusha kwenye tolueni, unakuwa kama chai ya rangi, kisha naumimina kwenye chupa zenye silika na kuzitikisa, nione ipi inanasa zaidi.

Saa 9:20 umeme ukakatika. Mashine ya kutikisa ikanyamaza, tukatikisa chupa kwa mikono, mimi na Mzee, kwa zamu. (Hili nitaliandika kwenye ripoti, msimamizi apende asipende.)

Saa 11:00. Umeme umerudi, napima chupa za jana. Nilitarajia chotara ishinde. Wapi! Silika tupu iliyotoka joto kwenye oveni imenasa zaidi. Bila shaka vikundi vyake vya hidroksili (oksijeni na hidrojeni) hushikana vizuri na asfalteni. Lakini ile tupu niliyoiacha wazi siku tatu, ikanywa unyevu wa Kampala, imeachwa mbali. Chotara iliyokaa wazi siku zilezile haikubadilika sana. Kesho narudia zote tatu.

Saa 1:00 usiku. Vikombe vipya vinaingia tanuruni. Mzee amechovya kijiti kwenye maji ya kloridi ya chuma na kuandika 1 na 2 ubavuni. Wino huo ukiungua, anasema, hubaki kutu nyekundu.