Kiyoyozi Ndani ya Kabini Ndogo

Leo jirani yangu wa gatini ameniuliza swali ambalo wenye boti ndogo huulizana kila joto linapozidi: kiyoyozi kinapoza kweli, au ni kelele na kula umeme tu? Nimemjibu kwamba kinapoza, ila kwa masharti. Jioni hii nataka kuyaandika masharti yenyewe, maana nimeshaona watu wengi wakibadilisha mashine nzima ili wapate kubwa zaidi, ilhali kilichowashinda wala si udogo wa ile ya kwanza.

Nianze na jua. Siku isiyo na wingu, saa sita mchana, kila mita ya mraba inayolikabili jua hupokea karibu wati 1,000. Kioo hupitisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo, ikapiga magodoro na mbao za ndani, ikageuka joto ambalo halirudi nje kwa njia iliyoingilia. Viyoyozi hupimwa kwa BTU, kipimo cha joto, kwa kila saa, na kilowati 1 ni sawa na BTU 3,412 kwa saa. Sasa chukua boti ya mita saba, kioo chake cha mbele pamoja na vidirisha vya ubavuni tuseme vina mita 2 za mraba. Hata vikipitisha nusu tu ya jua lile, BTU zaidi ya 3,000 zinaingia kila saa. Ukiwa na mashine ya BTU 5,000, kimebaki nini cha kupambana na sitaha ya faibaglasi inayowaka juu ya vichwa, injini iliyozimwa sasa hivi na bado ni ya moto, na watu wenyewe? Mtu aliyekaa tu bila kufanya lolote hutoa joto la karibu wati 100.

Ndiyo maana hesabu ya boti haifanani na ya nyumba. Mafundi wengi wa boti hukadiria BTU 60 kwa kila futi ya mraba kwa kabini iliyo chini ya sitaha, 90 kwa ile ya kati, na 120 kwa ile ya juu iliyozungukwa na vioo. Nyumbani watu huhesabu karibu 20. Halafu udogo wenyewe una hila yake: kuta na paa ni pana mno ukilinganisha na hewa iliyomo. Hewa hiyo chache hupoa upesi, ni kweli, lakini hupata moto upesi vilevile, na mlango wa kabini ukiachwa wazi wakati mtoto anatafuta kofia yake, ubaridi wote umeshatoka.

Linalonishughulisha zaidi, hata hivyo, ni unyevu. Willis Carrier, mhandisi Mmarekani, alipobuni mtambo wake wa kiyoyozi mwaka 1902, ulikuwa wa kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, na tatizo alilopewa lilikuwa unyevu uliokuwa ukiharibu kazi ya karatasi. Kwa hiyo kukausha hewa si kazi ya ziada ya kiyoyozi. Ni kazi yake ya tangu mwanzo. Juu ya maji kazi hiyo ni kubwa. Mashine ikinasa lita 1 ya maji kutoka hewani kwa saa, inatumia karibu BTU 2,300 za uwezo wake kwa hilo peke yake, na kipimajoto ukutani hakionyeshi chochote. Mtu anatazama namba, anaona nyuzi zilezile, anakasirika. Lakini mwili wake hauhisi nyuzi tu, unahisi kama jasho linakauka. Nyuzi 28 zenye hewa kavu unalala vizuri kabisa. Nyuzi 25 zenye fukuto, shuka inakunata mgongoni hadi alfajiri.

Kwa sababu hiyohiyo siwashauri watu kufunga mashine kubwa kupita kiasi. Inashusha joto haraka, kidhibiti kinaizima, na unyevu unabaki palepale. Ile ya wastani inayofanya kazi muda mrefu bila kukatika hukausha hewa vizuri zaidi.

Kuna kipimo kimoja ninachokiamini kuliko maneno ya muuzaji yeyote. Pima hewa inayoingia kwenye mashine, kisha pima inayotoka tunduni. Tofauti ikiwa kati ya nyuzi 8 na 11 za Selsiasi, mashine ni nzima. Jambo hili lina maana ambayo wengi hawaitarajii: kabini ikiwa na nyuzi 37, hewa itakayotoka itakuwa nyuzi 27 hivi, na mtu akiinua mkono kwenye tundu atasema imeharibika. Haijaharibika. Inahitaji muda wa kuizungusha hewa ileile tena na tena, ishuke kidogo kidogo. Anayewasha asubuhi, kabla sitaha haijashika moto, anashinda vita ambayo anayewasha saa nane mchana hawezi kuishinda hadi jua lipungue.

Tofauti hiyo ikiwa ndogo, ndipo nageukia maji. Viyoyozi vingi vya boti hutupa joto kwenye maji ya nje: pampu inayavuta kupitia tundu la chini, yanapita kwenye chujio, yanazunguka kwenye kondensa, sehemu ambamo gesi ya mashine huacha joto lake, yanatoka ubavuni. Mashine ya BTU 12,000 hutaka karibu lita 11 kwa dakika. Mwani ukiziba chujio, au konyeza mmoja akinaswa kwenye tundu, shinikizo la gesi linapanda na mashine inajizima yenyewe. Pampu za aina hii haziwezi kuvuta zikiwa na hewa ndani, hivyo zikae chini ya usawa wa maji, na mpira wa maji uelekee juu moja kwa moja bila kupinda kwenda juu na kurudi chini. Naona mipira iliyopindapinda hata kwenye boti mpya, na inaniuma, kwa sababu mwenye boti atahangaika msimu mzima akilaumu kompresa, ile sehemu inayokandamiza gesi. Maji yenyewe yakiwa ya uvuguvugu, uwezo unapungua pia. Hapo huna la kufanya.

Lakini kwenye jua unalo la kufanya, na hapa ndipo nilipomvuta jirani yangu mkono nikamwonyesha. Funika vioo kwa nje. Pazia la ndani linasaidia, ila linalipokea joto likiwa limeshavuka kioo, na pazia lenyewe linakuwa kama jiko. Kitambaa kizito cha rangi nyeupe juu ya kioo cha mbele, na turubai iliyoinuliwa kidogo juu ya sitaha ili upepo upite katikati, hukata mzigo ambao ungehitaji maelfu ya BTU kuuondoa. Havitumii umeme. Mimi ningevishona hivyo kwanza, ndipo nichague mashine.

Amenitajia pia yale masanduku ya barafu yenye feni. Barafu kilo 10 ikiyeyuka yote inameza takriban BTU 3,170. Ni nusu saa na kidogo ya mashine ndogo ya BTU 5,000. Kwa mtu mmoja anayepulizwa usoni wakati wa kula, inatosha. Kwa kupoza kabini usiku kucha, haiwezekani. Kile kiyoyozi cha magurudumu chenye mpira mmoja wa kutoa joto nacho sikipendi ndani ya boti: kila kinachosukumwa nje kinavuta hewa nyingine ya moto iingie kupitia mlangoni, na ikiwa injini ni ya petroli, hewa hiyo inaweza kutoka ngamani, chini kabisa ya boti, ikiwa na harufu ya mafuta.

Umeme ndio unaoamua mengine yote. Gatini, plagi ya volti 230 na ampea 16 inatoa karibu wati 3,700, na mashine ya BTU 12,000 inayokula wati 1,000 hivi haina shida, ingawa kompresa inapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo. Ukishatia nanga mambo yanabadilika. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina kilowati-saa 1.2. Mashine ndogo kabisa ya wati 500 inaimaliza kwa saa mbili na kidogo, hata ikiwa ya lithiamu, na hapo sijahesabu kinachopotea kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa plagi.

Ndipo watu wanapofikiria jenereta ya petroli ya kubeba mkononi, na hapa namwomba kila anayesoma anisikilize. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Moshi wa jenereta iliyowekwa nyuma unaweza kurudishwa na upepo hadi ndani, au ukajikusanya karibu na jukwaa la kuogelea ambako watoto wanapenda kukaa. Watu wamekufa hivyo wakiwa usingizini, madirisha yamefungwa ili ubaridi usitoke. King'ora cha gesi hiyo kiwepo mahali watu wanapolala, na kijaribiwe kabla ya kila safari. Mimi siiwashi kabisa watu wakiwa wamelala. Nikiwa nangani usiku nafungua kidirisha cha omo, nafunga juu yake kitambaa kinachoelekeza upepo ndani, na juu ya kila kitanda naweka feni ya betri isiyofikisha hata wati 10.