Majani mapana chini ya jiwe: kumbukumbu ya uani kwangu, Mabatini

Uani kwangu ni kama mita sita kwa tano, na theluthi yake imeshikwa na jiwe. Anayeijua Mwanza hatashangaa. Huku Mabatini mlimani fundi huinua ukuta mpaka akutane na jiwe, kisha anaacha, jiwe linamalizia. Langu lina kimo cha mita mbili hivi, mgongo wa mviringo, na limelala kutoka mashariki kwenda magharibi. Huo mlalo ndio ulioamua karibu kila kitu nitakachoeleza.

Ninachotaka ni msitu. Sitaki vile vitalu vya maua vilivyozungushiwa matofali yaliyopakwa chokaa. Nataka mahali pa kuweka kiti jioni, majani yakiwa juu ya kichwa na ukuta wa bloku hauonekani. Rafiki zangu wananicheka: upo nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, unatafuta mwonekano wa kitropiki wa nini? Waje Agosti waone. Tuko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari pale ziwani, na huku mlimani zaidi. Juni hadi Septemba mvua ni ya kusimuliwa, mchanga wetu wa luseni unapitisha maji kama chekecheke, na mchana upepo wa ziwa unapanda na kukausha kila jani laini. Ikweta peke yake haioteshi msitu.

Agosti

Kabla ya kushika jembe nilishika vijiti. Maelekezo mengi ya bustani yanasema mmea fulani uwekwe upande wa kusini upate jua, mwingine kaskazini upate kivuli. Yameandikwa na watu wanaoishi mbali na ikweta. Kwetu jua la saa sita mchana linahama: kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba linapita kaskazini ya utosi, na miezi iliyobaki linapita kusini. Kwa hiyo jiwe halina upande wa kivuli wa kudumu. Nilichomeka vijiti pale kivuli kinapoishia saa sita, saa nane na saa kumi, nikavisogeza kila baada ya wiki mbili tatu. Mwishoni mwa Septemba saa sita mchana kivuli kilipotea kabisa, jiwe limesimama na jua juu yake.

Kilichonipendeza ni hiki: upande wa kusini unapata kivuli katika miezi ya kiangazi, wakati maji ni shida. Kivuli chenyewe si kikubwa; Juni, saa sita mchana, kinafika karibu mita moja kutoka mguuni mwa jiwe. Lakini jua linapohamia upande huo vuli inakuwa imeanza na mawingu yapo. Basi ukanda huo wa kusini nikaupangia mimea laini yote. Upande wa magharibi ni adhabu. Jiwe linakunywa jua la alasiri, na ukiliwekea kiganja saa mbili usiku bado lina joto. Huko nimeweka mshubiri na mkonge, nikaachana nako.

Jiwe lina faida ya pili, ambayo wengi huiona ni kero: halinyonyi mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mgongo wa jiwe langu una kama mita kumi za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita kumi inateremsha hadi lita mia moja mguuni kwake. Miaka yote maji hayo yalikuwa yanachimba korongo kuelekea chooni.

Septemba

Nilichimba mtaro mguuni mwa jiwe upande wa kusini, sentimita sitini kwenda chini, mpaka nikafika kwenye changarawe tupu. Guta likaleta udongo mweusi wa mbuga kutoka bondeni na samadi ya ng'ombe iliyokwisha kupoa. Mbuga peke yake ukikauka unapasuka na ukilowa unakuwa gundi, ila ukiuchanganya na mchanga wetu kila mmoja unarekebisha tabia ya mwenzake. Maganda ya mpunga niliyapata bure kwenye mashine ya kukoboa. Wenye mashine wanafurahi ukiyabeba.

Halafu gugumaji. Mmea huu wa Amerika Kusini uliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na hakuna mvuvi aliyewahi kuusemea neno zuri. Vijana wanaosafisha mwalo huulundika kando wauache uoze. Niliomba viroba kadhaa, wakaniangalia kama mtu anayeomba takataka, na kweli ndicho nilichokuwa naomba.

Ukilishika kwa mikono unaelewa kwa nini linaelea: kila kikonyo kimevimba katikati, ndani sponji, na ukikibinya kinalia pwaa. Mizizi ni kama nywele nyeusi zenye rangi ya zambarau, na ndani yake kuna konokono wadogo wa ukubwa wa punje ya mtama. Hao sikutaka kuwaingiza nyumbani, maana kichocho huku kwetu si habari ya vitabuni. Nikavaa buti na glavu, nikalitandaza lote juu ya mgongo wa jiwe. Jua la Septemba na joto la jiwe vikalimaliza. Kwa kuwa sehemu kubwa yake ni maji, lundo lililonifika kiunoni lilibaki kiroba kimoja cha majani meusi yanayovunjika.

Masharti yangu matatu. Nachukua lisilo na maua, kwa sababu mbegu zake hukaa kwenye tope miaka mingi zikisubiri. Nalikausha mpaka livunjike, lisije likafufuka. Na siliweki chini ya kitu kitakacholiwa, kwa kuwa linafyonza metali nzito kutoka majini. Mimea ya chakula inapata maganda ya mpunga.

Oktoba, kupanda

Mwuza miche mmoja barabarani alinionyesha masikio ya tembo kwenye chungu cheusi, elfu ishirini. Majani mazuri, sikatai. Nikaenda soko la Kirumba nikanunua magimbi ya buku. Nilichagua yaliyokuwa bado na kichwa, pale vikonyo vilipokatiwa, nikayapanda macho juu kwenye sehemu ya chini kabisa ya mtaro. Ni ukoo mmoja na masikio ya tembo, ni ukoo mmoja hata na ile monstera yenye majani ya matundu ambayo kila saluni siku hizi inayo, na jani lake halina la kuonea aibu. Tahadhari ni ile ile kwa ukoo mzima: utomvu una fuwele za kalsiamu oksaleti zinazowasha mdomo na ngozi. Watoto wa jirani nimewaambia, na mmoja alikwenda kuhakikisha kwa ulimi. Sasa wote wanaamini.

Monstera niliinunua hata hivyo, moja, nikaiegemeza kwenye jiwe upande wa kusini. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, huko hupanda miti. Hapa itapanda jiwe.

Mafunjo niliyataka kuliko vyote. Ni ya kwetu, ni ya ziwa hili hili, na kichwa chake cha nyuzi za kijani kinafanya kila jani pana lililo jirani lionekane pana zaidi. Sikuyachimba ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na tope la pale nimeshalisema. Mzee mmoja Kitangiri ana mafunjo kwenye mfereji wa nyuma ya nyumba, akanikatia kipande cha shina la chini chenye machipukizi. Nilikiosha kwenye ndoo mpaka maji yakawa meupe. Kinakaa kwenye beseni kubwa lisilo na tundu, limefukiwa mpaka mdomoni: mbuga chini, mchanga katikati, kokoto juu. Maji yanaishia chini ya kokoto, hayaonekani, hivyo mbu hawana pa kutagia. Kokoto nilinunua kwa akina mama wanaoponda mawe njiani kupanda huku kwetu, debe kwa debe.

Mgomba ndio ulioleta mjadala. Mama jirani ni Mhaya, na mtaani kwetu ndiye mahakama ya rufaa kwa mambo ya migomba. Alisimama ukutani akanitazama nachimba.

"Mwanangu, hapo unapanda mgomba au maharage? Shimo gani hilo?"

Nikaongeza shimo.

"Na ni wa nini, wa kupika au wa kuivisha?"

"Wa majani, mama."

Alimwita binti yake aje asikie. Baada ya kucheka akanisaidia kwa dhati. Chipukizi alilochagua lilikuwa jembamba lenye majani makali ya upanga, akalitupilia mbali lile nililolipenda mimi, lenye majani mapana tangu udogoni. Hilo halina nguvu chini, alisema. Kisha akauliza limetoka shamba la nani. Swali hilo si la umbea. Mnyauko bakteria uliripotiwa Kagera mwaka 2006 na umekausha mashamba ya watu, na husafiri kwenye machipukizi na panga kama kawaida. Letu lilitoka kwa mtu anayemfahamu, lenye mama yake mzima. Tulilimenya mizizi, tukalitumbukiza kwenye maji yanayochemka sekunde 30 kuua minyoo na mayai ya fukusi, na panga likapitishwa motoni.

Upande wa kusini wa mtaro niliweka mipapai miwili iwe mwavuli wa muda, maana hakuna kitu cha bei hiyo kinachorefuka haraka hivyo. Mchikichi nilishawishika nao, ila kwa uani huu ungekuwa kama kufuga ng'ombe sebuleni, nikaacha.

Desemba hadi Februari

Vuli ilifanya kazi. Magimbi yaliyochelewa kutokeza pua yalifungua majani marefu kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Asubuhi kila jani lina tone la maji limening'inia nchani. Si umande, ni mmea unaosukuma nje maji uliyonyonya usiku. Ukiona matone hayo mtaro una maji ya kutosha. Yakikosekana, mwagilia.

Mijusi wa mawe nao wamehamia. Dume ana kichwa na mabega ya rangi ya waridi iliyokolea na mwili wa buluu, anakaa juu ya jiwe akipiga pushapu, na anakula wadudu. Rangi hiyo juu ya majani ya kijani inashinda ua lolote nililoona kwenye kitalu.

Januari upepo ulivunja mpapai mmoja katikati na kuchana majani ya mgomba kuwa riboni. Mpapai nimeukata, shina likachipua matawi mawili chini ya jeraha, na nadhani sasa unafaa zaidi kwa kivuli. Majani yaliyochanika nimeyaacha. Jani la mgomba limeumbwa kuchanika kufuata mishipa yake. Upepo unapita katikati na shina linabaki wima. Wanaoyakata yote kwa ajili ya unadhifu wanaunyima mgomba chakula.

Machi hadi Mei

Masika. Sina mengi: mimea ilijiotea, mimi nilipambana na kuku wa majirani waliokuwa wanachakura matandazo. Mawe ya ukubwa wa ngumi kuzunguka kila shina yaliwachosha. Nilipaka ukuta rangi ya kijivu iliyokolea, na hilo lilibadilisha uani kuliko mmea wowote; ukuta mweupe ulikuwa unayavuta macho yote. Katikati ya Machi kivuli kilirudi kusini ya jiwe kama vijiti vilivyoahidi, na Aprili monstera ikatoa jani la kwanza lenye tundu.

Juni na Julai

Huu ndio mtihani. Mtaro umekauka juu, ukichimba kiganja kimoja chini bado una unyevu. Ninagawa hivi: maji ya kuoshea mchele na samaki yanakwenda kwa mgomba na magimbi, nayafukia haraka kabla paka hawajapata habari, maji ya kufulia ya suuza ya mwisho yanakwenda kwa msale na mipapai, siku za kupokezana na maji safi. Beseni la mafunjo linakunywa nusu ndoo kila jioni, ndilo lenye gharama kuliko yote. Bomba likikatika mafunjo yanatangulia, magimbi yanafuata, mengine yavumilie. Magimbi yamepunguza ukubwa wa majani. Sina wasiwasi, kiazi kipo chini.

Mgomba umetoa mkungu. Mama jirani alikuja na kijiti chenye panda, akavunja ua dume kwa kulizungusha, bila kisu, maana wadudu wanaofuata ua hilo ndio huuleta mnyauko. Shina likishazaa halizai tena, litakatwa, na hapo nitapoteza paa langu la magharibi. Kati ya machipukizi yake nimebakiza binti mmoja aliyenifika kifuani na mjukuu mmoja mdogo, mengine nimeyang'oa. Mkungu ukishakatwa shina nitalipasua vipande nilitandaze pale pale. Lina maji mengi. Kuhusu ndizi zenyewe, mama ameshatangaza mgawo wake kwa mtaa mzima.

Kabla ya Oktoba nataka mfereji wa bati la jikoni uelekezwe kwenye mtaro, na beseni la pili la mafunjo, maana la kwanza limejaa na mashina yameanza kulipasua ukingoni. Nitagawa mwezi wa tisa. Anayehitaji kipande aje na ndoo yake, ikiwa imeoshwa.