Nilivyorudi kwenye eya klina ya karatasi

Probox yangu inaishi vumbini. Nanunua mahindi vijiji vya Kiteto, na kiangazi kikikolea, ukifuata lori huoni hata namba yake. Eya klina ya karatasi, ile filta inayochuja hewa ya injini, ilikuwa haimalizi miezi miwili kabla gari halijaanza kuwa zito mlimani. Kwa hiyo muuza spea aliponionyesha ile ya pamba, ya kufua na kupaka mafuta, sikubishana, ingawa bei yake ingeninunulia sita za karatasi.

Kuifua ndiko kulikonitesa. Unaipaka sabuni yake, unaisuuza maji yakitokea upande wa ndani ili uchafu usisukumwe kwenye pamba, kisha unaianika kivulini ikauke kabisa. Upepo wa kompresa hauruhusiwi, unaharibu pamba. Sasa siku ya mnada Kibaya, gari limelala linasubiri filta ikauke! Halafu kuna mafuta yake, mekundu, ya kudondoshea kidogo kidogo kwenye kila mkunjo. Mara ya pili niliyamimina kama napika chapati. Siku tatu baadaye nikisimama injini inatetemeka, na taa ya injini imewaka.

Fundi alichomoa sensa ya hewa, ile yenye waya mwembamba unaopima hewa inayoingia kwenye injini. Ilikuwa imelowa mafuta, vumbi limeganda juu yake. "Bosi, hapa umekaanga," akasema, akaipulizia dawa yake. Kisha akapitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba, upande wa baada ya filta. Kikatoka chekundu kwa vumbi. Mafuta niliyazidisha mwenyewe, nakubali. Lakini vumbi lile lilikuwa njiani kwenda kusaga ringi na silinda.

Nimerudi kwenye karatasi, moja imefungwa, nyingine iko buti. Dukani nabonyeza mpira wa ukingoni: mgumu siuchukui, hauzibi vizuri. Kila wiki naigongagonga filta kwenye tairi, kisha naimulika kwa tochi ya simu. Mwanga usipopenya, naitupa; ukipenya kama nukta kali, kuna tundu, naitupa haraka zaidi. Vijana wa upepo siwapi tena waipulize, walishanichania moja.

Ile ya pamba nimempa shemeji yangu wa Arusha, ambaye hajui kutoka nje ya lami. Nilimpa na chupa ya mafuta, nikamwambia atumie nusu ya anachodhani kinatosha.