Maganda ya Mayai Yalivyonipa Bakteria Mpya wa Siki

Nimechoka kuambiwa kwamba kutambua spishi mpya ya bakteria ni kazi isiyowezekana hapa Mbeya. Nimeifanya, tena kwa maembe ya Kyela niliyonunua soko la Mwanjelwa.

Bakteria wa asidi ya asetiki ndio wanaogeuza pombe kuwa siki. Watu wa Iringa wanawajua bila kuwaona: ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukikaa sana, wao ndio huutia ule ukali. Ukitaka kuwapata, chagua embe lililopasuka, lenye nzi wadogo wanaolizunguka, maana nzi hao huwabeba kutoka tunda hadi tunda. Nililoweka vipande kwenye maji ya sukari, hamira na pombe kidogo, nikaviweka ndani ya mashine ya kutotolea vifaranga niliyoishusha hadi nyuzi 30. Hata msimu wa maembe, usiku wa Mbeya una baridi.

Kisha zinakuja sahani za agari, yaani ute ulioganda wa kukuzia bakteria, zenye unga mweupe wa kalsiamu kaboneti. Bakteria akitoa asidi, unga unayeyuka na duara angavu linatokea kumzunguka. Unga wa maabara uliisha. Mtu mmoja anayejiita mtaalamu akaniambia nisage chaki za ubaoni. Nikasaga, nikamimina, nikasubiri: hakuna duara hata moja. Akasema embe halina kitu, nitupe sahani zote. Sikutupa! Nilikamulia ndimu kwenye ile chaki, maana kalsiamu kaboneti ikiguswa na asidi hutoa povu; ikanyamaza kimya. Chaki nyingi za ubaoni ni jasi, yaani kalsiamu salfeti, na asidi ya bakteria haina la kuifanya.

Nikaenda kwa kijana wa chipsi mayai.

"Dada, maganda yote haya ya kuku au ya bustani?"

"Ya maabara, mdogo wangu."

Akanijazia mfuko, hakutaka hata shilingi. Ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti. Yachemshe, menya ile ngozi nyembamba ya ndani yote, anika, twanga, chekecha kwa kitambaa chepesi, kisha twanga tena mpaka unga uwe laini kama poda ya mtoto. Nilipoudondoshea ndimu ulitoa povu, nikapiga makofi peke yangu. Usimimine agari ikiwa ya moto sana, kwani unga utatuama chini. Zungusha chupa taratibu hadi ikaribie kuganda. Safari hii maduara yalijitokeza wazi, mpaka maandishi ya chini ya sahani yakasomeka kupitia kwake.

Bakteria wa maziwa mgando nao huyeyusha unga huo. Kuwatenga, dondoshea haidrojeni peroksaidi ya kusafishia vidonda, ya duka la dawa, hela ndogo tu: wa siki hutoa mapovu, wale wengine hawatoi. Kilichonikausha mfuko ni sikloheksimaidi ya kuzuia chachu, na baadaye usomaji wa vinasaba, uliokula laki kadhaa.

Hapo nikapewa ushauri mwingine mbovu. Jeni ya 16S, kipande cha vinasaba kinachotumika kutambua bakteria, ilifanana na ya Acetobacter tropicalis, bakteria wa siki anayejulikana tayari, kwa zaidi ya asilimia 99, nikaambiwa basi, si mpya, funga daftari. Si kweli. Chini ya asilimia 98.7 ni dalili kubwa ya spishi mpya, lakini juu ya hapo hakuna uthibitisho wa kwamba ni ileile. Katika kundi hili spishi tofauti hufanana sana kwenye jeni hiyo. Jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya bakteria, ndiyo inayoamua, na mpaka wake ni kufanana kwa asilimia 95 hadi 96. Nililinganisha na kila ndugu wa karibu anayejulikana, na wangu alibaki chini ya mpaka huo kwa wote. Nililia kwa furaha.

Kanuni inataka kabla jina kukubalika, bakteria hai awekwe kwenye hifadhi mbili za vimelea katika nchi mbili tofauti. Ya kwanza imeshampokea. Ya pili inasubiri kibali cha kusafirisha, ninakifuatilia.