Mwani wa Chuma, Sendai

Kutoka Tokyo hadi Sendai ni kama saa moja na nusu kwa Shinkansen, treni ya kasi ya Japani. Nilishuka wali wangu wa kwenye kiboksi ukiwa bado nusu. Stesheni nikatokea mlango wa upande siko, nikazunguka weee, mpaka nikaiona barabara ya Jozenji kwa miti yake ya keyaki, matawi yamekutana juu.

Jengo nusura nilipite. Nilidhani natazama miti, kumbe natazama kioo. Ndiyo Sendai Mediatheque ya msanifu majengo Toyo Ito, iliyofunguliwa Januari 2001: maktaba, maonyesho na studio ndani ya boksi la vioo la ghorofa saba.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, vioo sikukaa navyo. Nilifuata nguzo. Ziko 13, na kuziita nguzo ni kuzionea: ni vikapu virefu vilivyosukwa kwa mabomba ya chuma, vingine vimenyooka, vingine vimepinda kivyake, vinatoboa sakafu hadi paa. Kimoja kinapandisha lifti, kingine kina ngazi, vingine vinapitisha hewa, nyaya na mwanga wa jua. Vinene vinne vya pembeni ndivyo vya kupambana na matetemeko. Ito alipochora mara ya kwanza alifikiria mwani unaoyumba majini. Mimi wa Paje, Zanzibar, kwetu mwani hulimwa; kwangu ni mgongo wa mama ulioinama maji yakiwa yamekupwa. Nikacheka peke yangu, mlinzi akanitazama.

Wanaosifu wepesi wa jengo hili husifu vioo. Waangalie sakafu! Ni mabamba mawili ya chuma yenye mbavu katikati, bila boriti inayoning'inia chini. Kuchomelea bamba kubwa namna hiyo lisijikunje kwa joto si mchezo, kwa hiyo wakaitwa waunda meli wa Kesennuma, mji wa bandari kaskazini zaidi.

Tarehe 11 Machi 2011 likaja tetemeko la ukubwa wa 9.0. Sehemu ya dari ya ghorofa ya juu ilianguka, vikapu vilisimama. Huko Kesennuma, tsunami iliingia mjini.

Kabla ya kuondoka nilibandika uso kwenye kioo kilichozunguka kikapu kimoja, nikitafuta mshono wa hao mafundi. Rangi nyeupe imeuficha. Nikaacha alama ya pua, nikaifuta kwa mkono wa shati.